Masika ya Taa za Kioo

11 Aprili, Idi pili

Mawingu tangu alfajiri. Mvua haijanyesha bado, ila inanukia.

Leo nimeivua shuka amplifaya yangu. Mwezi mzima wa Ramadhani ilikaa imefunikwa, maana nyumba hii haipigi muziki mwezi mtukufu. Ndivyo alivyotulea marehemu baba. Jana, Idi mosi, wageni walijaa mpaka barazani, watoto wanadai idi yao, pilau inapakuliwa huku kaimati zinaisha, nani angekumbuka muziki? Leo nikasema, na mimi nile idi yangu. Nimewasha, nimesubiri ipate moto, nimeweka santuri. Loh! Upande wa kushoto unakwaruza kama mtu anakaanga dagaa, na upande wa kulia sauti imefifia, inatoka kama ya mtu aliyejifunika blanketi.

Niseme wazi ni kitu gani, maana wajukuu zangu wakija kusoma haya watadhani babu yao alikuwa na wazimu. Amplifaya hii si ya vitufe na simu. Ni ya taa, kama redio za zamani. Ndani yake kuna vichupa vya kioo vyenye nyuzi zinazopata moto na kuwaka rangi ya chungwa. Kubwa nne nyuma, ndogo mbili mbele. Aliniachia injinia mmoja wa Kijerumani aliyekuja kutengeneza pampu kule mashamba ya chumvi, nami nikiwa karani wa hapo. Taa zikichoka, sauti inachoka. Na hewa yetu hii ya chumvi haina huruma na kitu chochote chenye chuma.

Santuri niliyoweka ni ile ile. Ya klabu yetu ya taarabu, ambayo sasa imekufa. Wasichana watano wanaitikia, na mmoja wao ni Shufaa, mke wangu, kabla hajawa mke wangu. Naijua sauti yake ni ipi, ile inayochelewa kidogo kushuka. Lakini imechanganyika na zile nne, na miaka yote hii ninachotafuta ni taa zitakazoitenga, niisikie peke yake, hata kwa mstari mmoja. Hiyo ndiyo haja yangu, si nyingine. Watu wananiita mzee wa makelele, na waniite.

Shufaa kapita na sinia la vikombe wakati dagaa wangu wanakaangika kwenye spika. Hakusema neno. Zamani angekuwa keshapiga kelele toka jikoni: "Baba Sihaba! Punguza hicho kitu!" Tumeishi na hilo neno tangu Sihaba, mtoto wetu, yuko mgongoni. Sasa nikifikiri, sijalisikia tangu mwaka jana. Mwanzo nilidhani nimeshinda. Leo sina hakika.

13 Aprili

Mvua imeanza, kubwa.

Mwalimu Vedasto kaja toka Kerege, kalowa chapachapa. Anafundisha fizikia sekondari, na ugonjwa wake ni kama wangu. Kafungua kifuniko, kachukua penseli, kagonga taa moja moja taratibu huku muziki unacheza. Alipofika ile ndogo ya kushoto, spika ikalia ting! kama glasi ya harusi.

"Mzee Mbaruku, hii imekufa, bado kuzikwa tu," kasema. "Na mwenzake amezeeka. Zibadilishwe zote mbili kwa pamoja, si moja. Ukiweka mpya na kongwe, zitagombana kama wake wenza."

Ameahidi kuleta za aina tatu, tuchague kwa masikio. Nimefurahi kama mtoto.

Lakini furaha ikaingia mchanga. Shufaa kapita ukumbini, Mwalimu akasimama kwa heshima zake zote, akasema, "Shikamoo mama." Mke wangu kapita. Hakugeuka! Mtu mzima, mgeni, kasimama na shikamoo yake mkononi hana wa kumpokea. Katika mji huu mtu utamdhulumu shamba na bado ataitikia salamu yako. Nimetamani ardhi inimeze. Mwalimu, Mungu ambariki, akainama tena kwenye amplifaya kama hakuona.

Basi nimejua. Huyu kanuna. Na anayenuniwa ni mimi.

14 Aprili

Mvua. Kanga aliyovaa leo imeandikwa: KIMYA CHANGU KISIKUPE TABU.

Haya. Nimeisoma.

16 Aprili

Mvua kutwa. Ikinyesha kwenye bati tunaongea kwa kupiga kelele kama tuko pande mbili za mto.

17 Aprili

Ilikatika saa za adhuhuri. Shufaa akawa bado anaongea kwa kelele vile vile, nami nimekaa mbele yake. Nikamwambia, "Mama Sihaba, mvua imekwisha." Akanitazama, akaendelea na mchicha wake. Wanawake wa pwani wana adhabu nyingi, ila hii ya kumfanya mtu hewa ndiyo kali kuliko zote.

18 Aprili

Leo moyo wangu umeanguka.

Tulipokuwa tunakunywa chai ya asubuhi, Shufaa kasema, bila kuniangalia, "Nataka niende kwa Sihaba Pangani."

"Siku ngapi?" nikauliza. Kimya. Nikarudia. Akasema, "Sihaba ameniita. Baada ya hizi mvua kubwa, katikati ya mwezi wa tano. Nitakaa, tuone."

Tuone! Mke akisema anakwenda kwa mwanawe wiki moja, ni matembezi. Akisema tuone, ni jambo jingine. Nikampigia Sihaba. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu. Mama yako ana nini?" Mtoto akababaika. Kasema, "Baba, muulize mwenyewe, mimi nimeapishwa." Kaapishwa! Kwa hiyo lipo.

Na kanga ya leo: KILA NDEGE HURUKA KWA UBAWA WAKE.

Nimekaa barazani mpaka chai imepoa. Nimejiuliza kosa langu. Ni hii amplifaya, nini tena? Miaka yote Jumamosi zangu zimekwenda kwa Mwalimu na waya. Nikasema nitaiuza. Halafu wazo likanijia, na sasa najiona mwerevu: sitaiuza, nitaitengeneza. Nitapata taa nzuri kuliko zote, nitaitoa sauti yake katikati ya zile nne, nimkalishe kwenye kiti, asikie mwenyewe nilikuwa natafuta nini siku zote. Mwanamke gani atakwenda zake baada ya kusikia hivyo?

Nina muda mpaka katikati ya Mei.

20 Aprili

Mvua ya vipindi. Mwalimu kaja na boksi la mayai, na ndani yake, mahali pa mayai, taa zimelala kwenye pamba. Jozi ya Kichina, mpya. Jozi ya Kirusi, kutoka ghala la jeshi, kasema, nene za kioo na maandishi yasiyosomeka. Na jozi ya Kijerumani ya zamani, haijatumika hata siku moja, alama ya dhahabu bado inang'aa. Hiyo akaishika kama anavyoshika mtu kifaranga.

Tukasafisha miguu ya soketi kwa spiriti, maana chumvi ilishaweka ukungu wa kijani. Kisha Mwalimu akaja na sheria: mimi nigeukie ukuta, yeye abadilishe, niseme ninachosikia bila kujua ni ipi.

Ya kwanza nikasema, "Tupu. Kama chai bila tangawizi." Ya pili nikasema, "Hii! Hii ina uhai." Mwalimu akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe alikuwa hajabadilisha kitu, ni Mchina yule yule, aliizima tu na kuiwasha. Aibu yangu! Nikamwambia ageuke yeye. Naye nikamfanyia hivyo hivyo, akamsifu Mchina kwa maneno ya kumtolea mahari. Basi tukaheshimiana, tukaanza upya, kila taa wimbo mzima.

Mrusi hatukubishana. Anakata kama wembe. Kila herufi inachoma, "si" na "shi" zinaruka kama mafuta ya moto. Mwalimu kasema, "Hii ni ya kutangazia watu waliopotea." Tumemtoa, tumemrudisha kwenye boksi la mayai.

Mjerumani sasa. Jamani. Sauti ikatandaza zulia. Laini, mviringo, fidla zinapita kama samli juu ya mkate. Na mstari wa pili wa kiitikio, nusura nilie, ile sauti inayochelewa kushuka nikaisikia, si peke yake kabisa, ila imesimama nusu hatua mbele ya wenzake. Nikamshika Mwalimu mkono. Akasema, "Mzee, umepata."

Shufaa hakutoka chumbani hata mara moja.

21 Aprili

Nasubiri siku ambayo bati limenyamaza ndiyo nimwite.

23 Aprili

Naandika kwa hasira au kwa huzuni, sijui.

Baada ya alasiri mvua ilikatika. Nikafagia ukumbi mwenyewe. Nikaweka kiti chake pale katikati ya spika mbili, mto mgongoni, kahawa na kashata pembeni. Nikamwendea chumbani, nikamshika mkono, akaja. Akaniuliza kwa macho, kuna nini? Nikamwonyesha kiti.

Nikaweka santuri. Wimbo wenyewe unasema:

Ulinipa udi wangu, nikatia chetezoni,
Moshi wake, mwenzi wangu, umejaa mtaani.

Na waitikiaji wanajibu:

Nafunga mlango wangu, unapita dirishani.

Mimi nilikaa chini kwenye mkeka namtazama yeye tu. Fidla zikaingia, akatabasamu, akatikisa kichwa. Moyo wangu ukapanda. Mwimbaji akaimba. Kikaja kiitikio, ikaja sauti yake mwenyewe, msichana wa miaka kumi na minane, imesimama mbele ya wenzake kwa taa nilizozitafuta. Hakushtuka. Hakuinua hata kope. Alikuwa anaangalia kashata. Wimbo ukaenda, kiitikio kikarudi mara ya pili, ya tatu, naye anatabasamu lile lile tabasamu la mtu aliyekaa kwenye msiba wa watu asiowajua. Sindano ilipofika mwisho na kuanza kukwaruza, bado anatikisa kichwa. Halafu akaniona nimesimama kuiinua, akasema haraka, "Nzuri. Nzuri sana, Baba Sihaba." Akachukua vikombe akaenda zake.

Kama angenitukana ningeshukuru. Nimempelekea ujana wake kwenye sinia, kaupokea kama mtu anayepewa maji ya kunawa.

Nimezima. Nimeifunika shuka kama Ramadhani.

24 Aprili

Mvua, na leo kanga mbili tofauti, Shufaa ambaye katika maisha yake hajapata kuvunja doti! Ya juu: NIMEVUMILIA YA KUTOSHA. Ya chini: SINA WA KUMLINGANISHA NAYE. Sasa mtu ashike lipi? Nimezunguka naye nyumba nzima nikisoma mbele na nyuma, mpaka akaniuliza nimepoteza nini.

27 Aprili

Mwalimu hakuja, barabara imejaa maji. Afadhali.

29 Aprili

Shufaa ametoa begi chini ya kitanda. Limeota ukungu. Analisugua kwa limau.

2 Mei

Mvua. Hatuongei zaidi ya chumvi na maji. Nimegundua sijui kula peke yangu. Yupo mezani, na bado nakula peke yangu.

4 Mei

Redio imetangaza kimbunga kinakuja toka baharini, watu wasitoke, vyombo vyote vivutwe pwani. Mji mzima umefunga milango.

Upepo ulianza asubuhi, na ukazidi. Umeme ukaenda. Shufaa alikuwa anazunguka na ndoo, mimi naziba dirisha kwa gunia, na kwa saa hizo chache tulikuwa mume na mke kama zamani, huyu anashika, huyu anafunga, bila maneno. Adhuhuri umeme ukarudi, upepo ukalegea. Nikaona niiwashe amplifaya kidogo, unyevu utoke ndani yake. Ndiyo akili yangu hiyo. Ikapata moto vizuri. Ghafla upepo ukapiga tena, bati likainuka upande wa msumari, na maji, tiririii, pembeni ya amplifaya, karibu na taa zangu za dhahabu!

Mtu mwenye busara angezima, akaisogeza meza. Mimi nilizima, halafu nikamshika Mjerumani wa kwanza kwa vidole nimchomoe. Na taa iliyokuwa inawaka, Bwana, ni kaa la moto. Nikapiga yowe, nikaachia. Ikaanguka sakafuni. Haikupiga hata kelele ya maana, ilisema tu pyo, kama mtu anayefungua soda. Dhahabu, kioo, kila kitu vipande vipande.

Shufaa akaja na ufagio. Hakuuliza. Akanipaka vidole asali, akafagia. Nikasema, "Basi. Nenda tu Pangani, hata mimi ningejikimbia." Alikuwa ameinama na ufagio, amenipa mgongo. Hakujibu.

5 Mei

Nitaandika yote, kwa mpangilio, nisije nikasahau hata neno.

Kulipambazuka kimya. Kimbunga kilipita mbali, kimetuachia matawi barabarani na jua la kusitasita. Bati limenyamaza. Nikaifuta amplifaya, nikaona imepona. Taa moja ya Kijerumani peke yake haina kazi, zile za Kichina Mwalimu alikwishazichukua kwenda kuzijaribu kwenye redio yake. Kwenye boksi la mayai kulibaki Mrusi. Nikasema, haya, wembe na uje, nijue tu kama kitu kinafanya kazi. Nikaziweka zote mbili, nikawasha, nikaweka santuri iliyokuwepo juu, ambayo ni ile ile. Kisha nikageukia dirisha, sikutaka hata kuitazama.

Mwimbaji akaanza. Ukali ule ule! "Chetezoni" ikatoka kama mtu anapasua karatasi. Nikakunja uso. Ukaja mstari wa pili, "umejaa mtaani," na kabla waitikiaji hawajafungua midomo, nyuma yangu, mtu akaimba:

"Nafunga mlango wangu, unapita dirishani."

Si santuri. Sauti ya mtu mzima, ina mikwaruzo, ila inachelewa kushuka pale pale.

Nikageuka. Shufaa amesimama mlangoni na beseni la nguo mbichi kiunoni, maji yanamtiririka mguuni, macho yamemtoka.

"Umesikia?" nikasema.

"Nimesikia 'mtaani'," akasema. "Baba Sihaba, nimesikia ile 'ta'. Nimesikia na 'che' ya chetezo. Rudisha. Rudisha tangu mwanzo!"

Nikarudisha. Akaliweka beseni chini, akaja akakaa, si kwenye kiti, kwenye mkeka, karibu na spika kabisa. Akawa anaimba nao, neno kwa neno, na kila neno likimfika anapiga paja. Kiitikio kilipokuja akanyoosha kidole kwenye spika, akasema, "Huyu mimi! Nilikuwa na mafua siku ile, sikiliza!" Kisha akalia. Nami nikalia, bila kujua bado nalia nini.

Nilipoinua sindano ndipo akasema. Ni mwaka sasa, na zaidi. Sauti anazisikia, maneno hayasikii. "Watu wakiongea ni kama uji," kasema. "Najua ni uji, ila siwezi kuhesabu punje." Mvua ikinyesha ndiyo kabisa. Nikiwa mbele yake anasoma midomo yangu, nikigeuka nimepotea. Siku ile niliyomkalisha kwenye kiti alisikia mawingu matamu tu, hakujua hata kama kiitikio kimefika. Alitabasamu kwa sababu niliweka kashata.

"Kwa nini hukuniambia, Shufaa?"

"Nikuambie nini? Mwimbaji kiziwi?" kasema. "Ulimwona somo yangu aliyenifunda, Mungu amrehemu. Masikio yalipokwisha watu wakawa wanamsema mbele yake, naye anacheka nao. Nami wewe uliniolea sauti. Nilimwambia Sihaba tu, nikamwapisha. Amenipatia daktari wa masikio Tanga. Nilitaka niende, nikirudi nimepona, usijue kamwe."

"Na 'tuone'?"

"Tuone daktari atasema nini! Wewe ulidhani tuone nini?"

Hapo ikabidi niseme na mimi. Nimesema kila kitu, uso wangu ukiwa mbele yake, polepole. Kwamba nilidhani ananiacha. Kwamba nimesoma kanga zake zote, kimya changu kisikupe tabu, kila ndege na ubawa wake, na ile siku ya mbili.

Shufaa akaitazama kanga aliyovaa. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha kushika mbavu, akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. "Ewe mwanamume! Masika hii! Nguo gani inakauka? Navaa iliyokauka! Ile siku ya mbili zilikuwa ndizo pekee hazinuki uvundo!"

Wallahi, mtu mzima mimi, nimetishwa na kamba ya kuanikia nguo.

Halafu nikamwambia habari ya shikamoo ya Mwalimu Vedasto. Kicheko kikakatika. Akashika kichwa kwa mikono miwili. "Nimempita mgeni na salamu yake? Mimi? Astaghfirullah." Hilo limemuuma kuliko yote.

6 Mei

Mvua ndogo. Tumesikiliza santuri tano. Masikio yangu yanawaka moto. Sijali.

8 Mei

Nimemwambia hatoki mtu peke yake. Pangani tunakwenda wote. Begi langu pia lina ukungu, analisugua.

11 Mei

Mwalimu kaja, kapaki pikipiki, na kabla hajafungua mdomo Shufaa ametoka mpaka barazani na sahani ya mkate wa kumimina, kasimama mbele yake.

"Mwalimu, nina shikamoo yako ya mwezi uliopita," kasema. "Marahaba, baba. Marahaba sana. Na ya leo iko wapi?"

Mwalimu kainama mpaka kofia imeanguka. "Shikamoo mama!"

"Marahaba!" Mtaa mzima umesikia.

Tulipokaa nikamweleza yote. Kapiga meza. Kasema masikio yakizeeka huanza kupoteza sauti nyembamba, na "sa" na "sha" na "ta" ndizo zinazobeba maneno. "Mjerumani anazilainisha, Mrusi anazisukuma mbele. Mzee, mimi na wewe tulikuwa tunachagua taa za masikio yetu." Kisha, kwa sauti ya mtu anayeahidi dawa, akasema anajua mahali pa kupata mwenzake yule Mjerumani aliyebaki, jozi itimie.

Nikamwambia asihangaike. Nikampa huyo mmoja akae naye. Kaangalia ile alama ya dhahabu, kaniangalia mimi, akaiweka mfukoni bila kubishana. Ninampenda huyu mtu.

14 Mei, Pangani

Tulipita Msata, njia mbaya, basi zuri. Sihaba katupokea kwa kilio na samaki wa kupaka. Kaniomba radhi kwa kuapishwa. Nimemsamehe kabla ya samaki.

16 Mei, Tanga

Daktari ni msichana mdogo, mpole. Alimfungia Shufaa chumba cha kimya, akampigia milio. Nje ya kioo nilikuwa namwona anainua mkono kila aliposikia, na kuna wakati mrefu mkono haukuinuka, nami nimesimama hapo nikimwombea ainue. Majibu: uziwi wa umri, hautarudi nyuma, ila mashine inasaidia sana. Wamempima mashine ya sikio la kulia, ya kushoto baadaye.

Akamwuliza, "Mama, uligunduaje kwamba ni maneno na si sauti?" Shufaa akasema, "Mume wangu ana taa za Kirusi." Daktari akaandika kitu. Sijui aliandika nini.

22 Mei, Pangani

Mashine imefika. Ndogo kama mbegu ya ubuyu. Amesikia kijiko kikombeni akaruka. Amesikia viatu vyangu, kasema ninaburuta miguu. Kasema Sihaba ana sauti ya bibi yake. Ananinong'oneza masikioni, halafu anasema nimnong'oneze na mimi. Sihaba katuacha mezani, kasema ana kazi jikoni.

26 Mei

Nyumbani. Jua. Hakuna wingu hata moja, na mashamba ya chumvi watakuwa wanafungua maji leo.

Kamba yote imejaa kanga, mbili mbili, kila moja na pacha wake. Nimepita nikizisoma. Aliyovaa imeandikwa WEMA HAUOZI, juu na chini. Nimemuuliza kama hiyo ni yangu au ni ya jua. Kasema, "Chagua mwenyewe."

Mrusi nimemwacha ndani. Kwa mashine yake sasa Shufaa angeweza kusikiliza taa laini, na Mwalimu kaniandikia kwenye simu kwamba jozi ya Kijerumani imeonekana. Nimemjibu asante, aichukue yeye. Wembe utabaki. Sauti ya Shufaa kwenye santuri haijatengana na zile nne hata leo, na sina haja tena. Nikitaka kuisikia peke yake naita tu jikoni.

Baada ya adhuhuri alikuwa huko, anakuna nazi. Nikafuta santuri, nikawasha, nikasubiri, nikapandisha sauti kama ninavyopandisha siku zote nikiwa peke yangu. Fidla zikaingia, zikajaza nyumba. Mbuzi ya nazi ikanyamaza. Kisha, toka jikoni, kwa sauti ile ile ya tangu Sihaba yuko mgongoni:

"Baba Sihabaaa! Punguza hicho kitu! Kinanikata masikio!"

Nimesimama pale katikati ya ukumbi na kitambaa cha santuri mkononi, nacheka peke yangu kama punguani. Nimepunguza. Kidogo tu, ili aseme tena.